Harusi ya Ukurasa wa Kwanza

Kilo hamsini za mchele zilimwagwa mikekani Alhamisi baada ya alasiri, na wanawake waliokuja kuuchagua walikuwa watatu. Wa kwanza Shahida mwenyewe, mama wa bibi harusi. Wa pili dada yake Kibibi, aliyetoka Mambrui tangu asubuhi na ungo wake kwapani. Wa tatu Widad, bibi harusi, ambaye kwa haki ya mambo hakutakiwa hata kugusa ungo siku ile. Mikeka ilitandikwa saba, na mmoja ulitosha.

Asiyejua mambo ya pwani atauliza, mchele ukichaguliwa na watu watatu una ubaya gani? Ubaya upo. Mchele wa siku hizi ni safi, watoka kwenye gunia hauna hata kijiwe. Wanawake wa mtaa huja kwa jambo jingine. Huja wakae, waimbe, wasengenye kidogo, wanywe chai ya tangawizi, na jioni mwenye shughuli alale akijua kwamba siku yenyewe hatakuwa peke yake. Shughuli ni watu, na watu huanza kuonekana kwenye mchele.

Ndani, mezani pake, Abdulghani alikuwa akisoma kwa mara ya kumi ukurasa wa kwanza wa jarida lake mwenyewe. Aliusoma kwa miwani, akausoma bila miwani.

"Baba Widad," Shahida alisema akiwa mlangoni, vumbi la mchele limemtanda mikononi. "Hawakuja."

"Mapema bado. Jua kali."

"Saa kumi na moja hii. Jua lipi?"

"Watakuja Jumapili. Kilichoandikwa ni Jumapili. Habari ya mchele hatukuiandika."

Shahida akamtazama kama amtazamavyo mtu anayetafuta miwani na huku ameivaa. "Mchele wa harusi huandikwa? Nisikilize, mume wangu. Siku tatu bado zipo. Nimtume Bi Kuluthumu apite milangoni kualika. Miguu yake mibovu, lakini kwa Widad atajikongoja."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nimekwisha kuwaalika. Nakala mia sita, Shahida. Ukurasa wa kwanza, na jina la mtoto kwa herufi ambazo kipofu atazipapasa azisome. Ukimtuma mtu mlangoni baada ya hapo, waniambia nini? Waniambia nimekufa, mimi na jarida langu."

Shahida angeweza kumtuma Bi Kuluthumu kwa siri, na baadaye alijilaumu sana kwa kutofanya hivyo. Lakini alikuwa amemwona mumewe akipungua miaka minne mfululizo, na hakuwa na moyo wa kumkata kipande kingine. Akarudi mikekani.

*

Jarida lenyewe liliitwa Kunani. Miaka kumi na miwili nyuma Abdulghani alikuwa mwandika mabango. Bucha, kinyozi, duka la dawa, vyote vya Malindi mjini vilipita kwenye brashi yake. Na mtu aliye juu ya ngazi husikia mengi. Huyu atamwambia kuna maulidi Mambrui, yule atamwambia kuna taarabu kwenye ukumbi, mwingine kwamba kikundi cha akina Garama kitacheza ngoma Kilifi Jumamosi. Akaona, mbona habari hizi zapotea hewani? Akazichapa kwenye karatasi moja, mbele na nyuma, akaibandika kwenye milango aliyoipaka rangi mwenyewe.

Likapanda. Karatasi ikawa kurasa nane, nane zikawa thelathini na mbili. Wachoraji walimletea picha za jalada, washairi walimletea beti wakigombania nafasi, wenye hoteli walilipia matangazo. Owen, kijana wa Kibarani mjini Kilifi mwenye mkono mwepesi wa kompyuta, ndiye aliyepanga kurasa. Nakala zilifika mpaka Mariakani, zikisafiri na lori la maziwa likirudi tupu. Katika kila shughuli Abdulghani aliwekewa kiti cha mbele, na jina lake likapotea kabisa. Watu walimwita Bwana Kunani, naye akaitika.

Ukurasa uliopendwa kuliko zote ulikuwa ule wa harusi. Mwezi hadi mwezi ulitaja nani aoa kwa nani, siku gani, ukumbi gani. Na kumbi zilijaa! Abdulghani akienda huona watu wamebanana mpaka ukutani, akisema moyoni, nimewaleta mimi. Mwaka mmoja aliandika kwenye tahariri, kwa mzaha, kwamba sasa miguu ya Bi Kuluthumu ipumzike, kwa kuwa Kunani linabisha hodi nyumba elfu mbili kwa siku moja. Bi Kuluthumu alikuwa mwalikaji wa mji, mwanamke aliyekuja kuolewa Malindi kutoka Pate, na tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akipeleka mialiko ya wenzake. Mji ulicheka mzaha ule. Abdulghani naye alicheka.

Kisha ikaja korona, hoteli zikafungwa, kumbi zikafungwa, na jarida la kuwaambia watu waende wapi likakosa la kusema. Toleo moja lilitoka na neno "imeahirishwa" mara thelathini na sita. Maradhi yalipopita, watu walikuwa wamezoea simu. Tangazo likitengenezwa asubuhi, adhuhuri limefika kwa kila mtu, na aliyekuwa akiyatengeneza kwa bei nzuri ni huyo huyo Owen. Kurasa zikarudi kumi na sita, zikarudi nane. Wenye hoteli wakaacha kupokea simu za Abdulghani. Mwezi mmoja alikaa mezani siku nzima akisubiri mtu alete habari, na jioni akaandika habari ya mti ulioanguka karibu na soko.

Toleo hili la harusi lilichapwa kwa pesa zilizowekwa za kumnunulia Widad kabati. Abdulghani alimwomba binti yake uso kwa uso.

"Chukua, baba," Widad alisema. "Nguo zitakaa sandukuni."

Abdulghani hakumwambia kwamba alikuwa akilipima jarida kwa harusi yake. Akiandika, na watu wakaja, basi jarida li hai na yeye bado ni mtu. Kipimo kilikuwa hicho tu. Alikificha kwa sababu alijua hakifai kupimiwa mtoto.

*

Ijumaa mambo yalionyesha uso mzuri. Asubuhi Owen alipiga simu kutoka Kilifi.

"Mzee, shikamoo. Nakala zimeisha."

"Marahaba. Zimeisha vipi?"

"Zimeisha zote. Malindi, Watamu, hapa Kibarani. Jana mama mmoja amenifuata mpaka kwangu akitaka yake. Mzee, kwani nisitume na kwa simu pia? Ni dakika moja tu."

"Usitume kitu," Abdulghani alisema, na sauti yake ilikuwa na ujana ndani yake. "Karatasi yatosha."

Adhuhuri baada ya sala Widad aliozwa kwa Zayd, kijana wa Lamu aliyekuwa fundi wa majokofu. Msikiti ulijaa kama ujaavyo kila Ijumaa. Halua ikapita, kahawa ikapita, watu wakamshika Abdulghani mkono mmoja mmoja. Mzee mmoja wa safu ya mbele akamuuliza, "Na chakula lini, Bwana Kunani?"

Hapo ndipo palikuwa pahala pake pa kusema: Jumapili, bwana, tafadhali usikose, na watu wa nyumbani. Maneno hayo yangetosha, kwa maana wengine watano walikuwa wamesimama wakisikiliza. Lakini Abdulghani alitabasamu.

"Someni Kunani," alisema. "Yote yamo."

Wakacheka. Akakichukua kicheko chao akaenda nacho nyumbani kama zawadi, akamsimulia Shahida. Shahida alikuwa akikunja leso. Alizikunja zote, akazikunjua, akazikunja tena.

*

Jumapili turubai lilifungwa kutoka ukuta wa nyumba mpaka nguzo ya umeme. Viti mia mbili vya kukodi vilipangwa kwa safu. Uani masufuria yalishushwa motoni saa tano, na harufu ya pilau ikashika mtaa mzima. Masinia hamsini yakapangwa yakingojea kupakuliwa.

Wakwe walifika mapema, watu ishirini na wawili waliosafiri jana yake kutoka Lamu. Wakakaribishwa, wakakaa safu mbili. Viti vilivyobaki vilikaa vitupu, vyeupe, vikiwatazama.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Watu wakasali, wakarudi. Abdulghani akasimama nje kwenye njia amevaa kanzu na koti, mikono tayari kupokea. Alikuja Owen na mkewe na zawadi ya birika la umeme. Walikuja wachoraji wawili wa Kilifi, wasiojua desturi za mji, wakiulizana kama walichelewa. Alikuja mdoezi mmoja anayejulikana Malindi yote, ambaye tangu azaliwe hajapitwa na pilau. Huyo alitazama viti, akatazama huku na huku, na hata yeye akaona haya. Akakaa pembeni.

Saa nane ikagonga. Mtaa ulikuwa kimya, na haukuwa umelala. Redio ilisikika mahali. Ng'ambo ya njia, hatua kumi tu kutoka turubai lake, mlango wa Bi Sahla na mumewe Taufiq ulikuwa umefungwa, lakini pazia la dirisha lilisogea, likatulia. Likasogea tena. Abdulghani aliliona. Akajifanya anarekebisha kamba ya turubai.

Mama yake Zayd akatoka kwenye chumba cha wanawake, akamwita Shahida kando. Alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyoumiza.

"Watu wa Malindi siku hizi wana shughuli nyingi, dada yangu," alisema. "Natule, chakula kisipoe."

Wakala. Masinia manane yaliondoka jikoni. Abdulghani mwenyewe alibeba moja, kwa kuwa vijana wa mtaa ambao hubeba hawakuwapo, na mchuzi ukamwagika kwenye koti. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Chumbani Widad alikaa amepambwa, hina mpaka viwikoni, mbele ya mikeka mitupu. Baba yake alipoingia kumtazama, alikuwa hajalia. Alimuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aulizaye njia.

"Baba, niliwafanyia nini watu hawa?"

Abdulghani akafungua kinywa. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kukosa maneno ya kujaza nafasi. Akatoka nje akasimama nyuma ya masufuria mpaka moshi ukampa sababu ya kujifuta macho.

Chakula kilichobaki kilipelekwa madrasa mbili, na bado kikabaki. Usiku ule Shahida alilala chumbani kwa binti yake.

*

Jumatatu asubuhi Abdulghani alikwenda kwa Bi Kuluthumu. Alikwenda na hasira. Alitaka kumuuliza yeye, ajuaye nyumba zote, ni nani aliyewazuia watu.

Alimkuta kakaa kibarazani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Shikamoo, Bi Kuluthumu."

"Marahaba. Kumbe njia ya kwangu waijua."

"Bi Kuluthumu, nimedhalilishwa. Mji mzima umenisusa. Nataka kujua nimewakosea nini."

"Nani kakususa?"

"Wote! Hata wewe hukuja."

"Ningekujaje?" Bi Kuluthumu aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Nani aliyekuja kuniita?"

"Hukusoma Kunani?"

"Mimi sijui kusoma Kizungu, lakini Kiswahili nasoma. Nimelisoma. Umemwandika mtoto vizuri, Mungu ampe kheri. Lakini kusoma ni kusoma na kuitwa ni kuitwa, Abdulghani. Gazeti lanambia pana harusi. Haliniambii njoo, wewe Kuluthumu. Niende nikadoee uzeeni?"

"Lakini harusi zote nilizoziandika zilijaa! Miaka kumi na miwili! Watu walikuja!"

Bi Kuluthumu akaitoa miguu kwenye maji, mmoja baada ya mwingine, akaiweka sakafuni. Ilikuwa imevimba, ngozi yake imepasuka visiginoni.

"Walikuja," alisema. "Ile ya watu wa Shela niliipita siku nne. Ile ya Mambrui niliipita mvuani. Kila harusi uliyoiandika wewe, mwanangu, mimi niliitembea. Hawakukwambia? Basi hayo ni mambo ya milangoni, ya wanawake, nani angekwambia. Wewe walikupigia simu, ukaja, ukawekewa kiti."

Abdulghani alikaa chini kwenye ngazi ya baraza bila kukaribishwa. Kumbi zote zile zilimpita machoni, watu wamebanana ukutani, na yeye kiti cha mbele amekunja nne. Hakuna hata mmoja aliyemleta yeye. Aliona aibu kubwa kuliko ya Jumapili, kwa sababu hii hakuna aliyeijua ila yeye na huyu mama.

"Na mimi nikaandika miguu yako ipumzike," alisema.

"Uliandika. Nilicheka, lakini nilienda ndani kwanza kufuta machozi."

"Nisamehe, Bi Kuluthumu."

"Nimekusamehe zamani. Walilipenda jarida lako, usidhani. Mtu akiona jina lake mle, hulikata akaliweka ndani ya msahafu. Ila hukuwa ukialika. Ulikuwa ukishuhudia." Akashika goti, akajaribu kusimama, akashindwa. "Widad yuaondoka lini?"

"Jumatano."

"Basi bado. Soma dua ya kumuaga kesho. Ningekupitia milangoni, lakini miguu hii sasa haifiki hata dukani. Pita mwenyewe."

"Mimi? Mwanamume nipite majumbani kama…"

"Kama nani?" Bi Kuluthumu aliuliza.

Abdulghani akaushika mkono wake, akaubusu, akaondoka. Njiani alihesabu nyumba. Mtaa wao ulikuwa na nyumba arobaini. Angeanza adhuhuri, angemaliza magharibi, na kesho Widad angekaa katikati ya watu, angalau mara moja.

*

Alipokaribia nyumbani aliona gari mlangoni na masanduku juu yake. Mama yake Zayd alikuwa ameamua waondoke leo. Alitoa sababu ya mgonjwa Lamu. Huenda mgonjwa alikuwapo.

Widad alikuwa amekwisha kuvaa buibui. Akambusu baba yake mkono, akaushikilia kidogo.

"Si wewe, mama," Abdulghani alimwambia, kama alivyozoea kumwita binti yake tangu utotoni. "Hawakukukataa. Ni mimi sikuwaita."

"Nimeelewa, baba," Widad alisema, lakini gari lilikuwa likinguruma, na Abdulghani hakujua kama alielewa kweli au alitaka kumpunguzia tu. Gari likakata kona penye bango la kinyozi alilolichora yeye mwenyewe, na rangi yake imepauka.

Shahida alikuwa akikunja mikeka. Saba yote.

"Mama Widad, nilitaka kupita milangoni. Nialike watu kwa dua."

"Dua ya nani sasa?" Shahida aliuliza bila kuinua uso. "Mtoto kenda."

Hakusema kwa ukali. Akaibeba mikeka akaingia nayo ndani, na Abdulghani akabaki nje na viti mia mbili vilivyokuwa vikisubiri mwenyewe aje kuvichukua. Kisha akavuka njia. Zilikuwa hatua kumi kweli, alizihesabu.

"Hodi."

"Nani?"

"Abdulghani."

Bi Sahla alifungua mlango, akarudi nyuma kumpisha. Chumba kilikuwa nadhifu. Kwenye msumari ukutani lilitundikwa dera la kijani lililopigwa pasi, na kando yake kanzu ya mumewe, nyeupe, mikunjo yake haijavunjika. Juu ya meza palikuwa na Kunani, ukurasa wa kwanza juu, na tarehe ya Jumapili imezungushiwa wino mwekundu.

Abdulghani akazitazama nguo zile, na Bi Sahla akamwona akizitazama.

"Tulivaa," alisema. "Mimi na Taufiq, tangu saa nne. Tukakaa hapa. Kila nikisikia hatua nasema ndio huyo, yuaja kutuita. Harufu ya pilau yaingia dirishani nasi tumekaa tumevaa. Taufiq akasema labda watuita mwisho kwa kuwa tu karibu. Mpaka alasiri, Bwana Abdulghani. Na si sisi tu."

"Ni hatua kumi, Bi Sahla."

"Ni hatua kumi. Mbona wewe hukuzipiga?"

Mtaa mzima ulikuwa umevaa, basi. Nyumba arobaini zilikaa vitini zikisikiliza mlango, na yeye alikuwa nje peke yake akirekebisha kamba.

Bi Sahla alimwonea huruma, akageuza maneno. Akalichukua jarida mezani, akalinyoosha kwa kiganja. "Na la mwezi ujao litatoka lini? Mpwa wangu ana maonyesho ya mikeka Kilifi, nilitaka umwandike."

"Halitatoka. Limekwisha."

"Kunani? Limekwisha?" Akaliweka chini jarida kwa uangalifu. "Mbona hatukuambiwa?"

"Ndiyo nimekuja kukuambia," Abdulghani alisema.

Bi Sahla akaivuta leso yake kichwani, akampa pole, pole ile ya kufiwa, akamuuliza kama amekula. Alikuwa hajala tangu jana. Akamshukuru, akasema atarudi, bado ana nyumba thelathini na tisa za kupelekea habari.

Akatoka, akauendea mlango wa pili. Akavua kofia, akaivaa tena vizuri, akabisha.

"Hodi."